Barua kwa Mwanangu Kabla Hajasaini Mkataba wa Sharjah

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Tanga. Sisi sote tu wazima, na mama yako anakusalimu sana.

Barua ya ajira ya ualimu uliyopewa na shule ya Sharjah, huko Falme za Kiarabu, nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliketi nayo nikiwa na kalamu mkononi. Umefurahia dirhamu 7,000 kwa mwezi, na una haki ya kufurahi, kwani dirhamu imefungamanishwa na dola ya Marekani tangu mwaka 1997 na fedha utakayotuma nyumbani haitayeyuka njiani. Lakini nakuomba urudi kwenye jedwali lililo chini ya kiasi hicho. Mshahara wa msingi ni 3,000 tu. Zilizobaki ni posho: nyumba 2,500, usafiri 500, na 1,000 zilizopewa jina la "mengineyo". Hizo 1,000 za mengineyo ndizo zilizonifanya nikuandikie leo, badala ya kungoja upige simu.

Kwa sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, ile Na. 33 ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika Februari 2022, kiinua mgongo cha mfanyakazi wa kigeni ni mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka wa miaka mitano ya mwanzo, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Mshahara unaohesabiwa hapo ni ule wa msingi peke yake. Malipo ya saa za ziada nayo hupigiwa hesabu kwa mshahara huo wa msingi, na hata siku za likizo ambazo hukuzichukua, ukilipwa fedha zake wakati wa kuondoka, hulipwa kwa kipimo hicho. Posho hukusaidia mwezi hadi mwezi, kisha hutoweka siku unayoondoka.

Nilipokuwa nafundisha Kiingereza huko Ghuba, wewe ulikuwa bado hujaanza shule. Nilikaa miaka sita nikilipwa dirhamu 5,000, na katika hizo msingi ulikuwa 2,000. Mwaka wa mwisho nilijipigia hesabu ya kiinua mgongo kwa 5,000 zote, nikapata 22,500, nikamwandikia mama yako aagize bati za nyumba hii. Siku ya kuagana, mhasibu wa shule alinisogezea karatasi iliyoandikwa 9,000. Nilipomuuliza, alitoa mkataba wangu kwenye jalada na kulizungushia neno "msingi" duara la kalamu nyekundu, bila kusema lolote. Saini iliyokuwa chini yake ilikuwa yangu. Upande wa jikoni ulikaa miaka miwili bila bati, na mama yako akapika chini ya turubai.

Kwa hiyo, kabla hujaomba 7,000 ziwe 8,000, omba kwanza zigawanywe upya. Ukiwaambia kwamba ungependa mengineyo yaingizwe kwenye msingi pamoja na zile 500 za usafiri, kwa kuwa basi la shule litakuchukua, msingi utafika 4,500, ilhali shule haitoi hata dirhamu moja zaidi kwa mwezi. Kwa mkataba wa miaka miwili, kiinua mgongo chako kitapanda kutoka 4,200 hadi 6,300. Ombi la namna hiyo ni rahisi kukubaliwa, na likikubaliwa utakuwa umeshafungua mazungumzo kwa heshima, hapo ndipo utaje nyongeza.

Katika kutaja nyongeza, usiwaeleze shida zetu za nyumbani wala ada za wadogo zako. Waeleze kazi: miaka sita ya kufundisha kidato cha tatu na cha nne, matokeo ya wanafunzi wako, na kwamba utapewa vipindi 30 kwa wiki. Wakikujibu kwamba pasipoti yako si ya nchi ambako Kiingereza ndiyo lugha ya mama, jambo ambalo shule nyingi za huko hulitumia kushusha mishahara ya walimu kutoka Afrika na Asia, usikasirike na usinyamaze. Waombe wasikilize somo lako moja kwa video, kisha waulize mwalimu mwenye shahada na uzoefu kama wako hulipwa kiasi gani shuleni kwao. Mimi hilo sikuthubutu kuuliza, na linaniuma mpaka leo.

Nyumba pia ina mtego wake. Huko kodi hulipwa kwa hundi za miezi mingi kwa mkupuo, pengine mwaka mzima, na wewe utafika mkono mtupu. Omba shule ikupe chumba, au ikutangulizie posho ya nyumba ya miezi sita, na iwe imeandikwa. Wakala akidai fedha ya viza au ya kukutafutia kazi, mkatalie, kwani sheria yao inamtaka mwajiri abebe gharama hizo. Na mkataba ukija kwa Kiarabu na Kiingereza, mpelekee mjomba wako wa Ngamiani akusomee ule wa Kiarabu, kwa sababu nakala hizo zikitofautiana, ule wa Kiarabu ndio unaoshika.

Najua shangazi yako amekwambia mkataa pema, pabaya panamwita. Anakupenda, ila kuuliza si kukataa, na shule iliyokwisha kukuhoji mara mbili haitakuacha kwa sababu ya barua moja ya adabu. Muda wa kuuliza ni sasa, kabla ya saini, maana muhula unaanza mwishoni mwa Agosti nao wanahitaji kukuombea viza mapema.

Andika rasimu ya barua yako usiku huu na unitumie. Nitaipitia alfajiri nikirudi msikitini, ili uwapelekee kabla ofisi zao hazijafungwa.

Wako akupendaye,
Baba