Barua ya wazi kwa shangazi yangu: shingo yako na sindano za Kichina

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Juzi uliniuliza kwa simu kama sindano za Kichina zinaweza kuiondoa hiyo shingo inayokukaza kila asubuhi, nami nikakujibu kwa haraka, jibu lisilomstahili mtu aliyeinamia cherehani zaidi ya miaka ishirini. Naandika hadharani kwa sababu wanaougua kama wewe ni wengi.

Waganga wa Kichina hufundisha kwamba mwilini hupita nguvu ya uhai, wanayoiita qi, ikiandamana na damu. Upepo, baridi na unyevu vikiingia, au mtu akikaa mkao mmoja mchana kutwa, njia huziba, na palipoziba ndipo panapouma; sindano huchomwa ili kuzifungua njia hizo. Haya hayatakushangaza wewe uliyetufunga kanga shingoni tusipigwe na baridi ya alfajiri. Hata kile kishimo kilicho chini ya fuvu, kila upande wa kisogo, huitwa Fengchi, yaani bwawa la upepo.

Lililonivutia zaidi ni kwamba mganga halazimiki kuanzia shingoni. Huweza kuchoma sindano nyembamba mahali paitwapo Houxi, ukingoni mwa kiganja chini ya kidole cha mwisho, kisha akamwambia mgonjwa ageuze shingo taratibu, kushoto na kulia, sindano ikiwa bado mkononi. Wapo wanaoongeza ukandaji uitwao tuina, au vikombe vya kunyonya ngozi, ambavyo wewe utavitambua mara moja, maana huko ni kuumika kule kule, ila mara nyingi wao hawachanji.

Nisije nami nikakupigia chuku ya maneno. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza kwa watu 517 wenye maumivu sugu ya shingo, na waliochomwa sindano, kwa mpango wa vipindi 12, walikuwa na nafuu zaidi baada ya mwaka mmoja kuliko walioendelea na matibabu ya kawaida peke yake. Hata hivyo kila mmoja alijua anapata tiba gani, na sindano za kweli zinapolinganishwa na za kuigiza, tofauti huwa ndogo. Kwa hiyo mimi naona ujaribu, ukitarajia nafuu, si muujiza.

Dawa ya kunywa ndiyo inayonitia hofu. Kwa ukosi uliokakamaa pamoja na kuhisi baridi, ipo Gegen Tang, iliyoandikwa na tabibu Zhang Zhongjing yapata miaka 1,800 iliyopita, nayo ina mizizi ya gegen, vijiti vya mdalasini na tangawizi, vitu vinavyosikika kama viungo vya chai. Lakini ndani yake mna pia mahuang, mmea unaoharakisha moyo na kupandisha presha. Wewe unameza vidonge vya presha kila siku, basi usiinywe, hata ukiambiwa kwamba ni majani tu.

Tena usichomwe na yeyote mwenye boksi la sindano. Juu ya bega pana mahali paitwapo Jianjing, na sindano ikizama mno hapo huweza kutoboa pafu. Huko Unguja madaktari kutoka jimbo la Jiangsu, China, wamekuwa wakija kwa zamu tangu 1964. Ulizia hospitalini kama katika zamu ya sasa yumo anayechoma sindano, na uhakikishe zinafunguliwa mpya mbele yako.

Kabla ya yote, muone daktari wa kawaida. Ukipata ganzi mikononi, ukashindwa kutunga uzi, miguu ikalegea, au shingo ikakaza pamoja na homa, usingoje sindano wala vikombe, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nikija mwezi ujao nitakupeleka mwenyewe, tena nitakuja na futi niipime meza ya cherehani, maana naishuku kwamba ni fupi mno kwako.

Mwanao.