Jicho likirudia wekundu baada ya upasuaji, msimwambie mgonjwa avumilie

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili maana linaniuma kweli. Mtu anatolewa mtoto wa jicho, anawekewa lenzi, anaona vizuri hadi kila mtu anafurahi, halafu akimaliza tu dawa ya matone jicho linarudi kuwa jekundu, mwanga unamchoma, anaona ukungu, na akisema anajibiwa vumilia kidonda bado kibichi. Mama yangu amepitia hayo hayo, alikuwa anakaa ameupa mgongo mlango, kiganja juu ya macho, na kila akirudishiwa matone anapata nafuu, akipunguza tu linaanza upya.

Sasa watu waelewe, jicho kuvimba kwa ndani kidogo wiki za mwanzo ni kawaida, ndo maana tunapewa matone ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na tunaambiwa tupunguze taratibu, sio kukata ghafla. Lakini ikipita miezi mitatu bado linawaka, au linarudia kila dawa ikipunguzwa, hapo kuna sababu na inabidi itafutwe. Inaweza kuwa kipande cha lenzi ya zamani kimebaki ndani, inaweza kuwa lenzi mpya inasugua ile sehemu yenye rangi ya jicho, au bakteria wa polepole waliojificha nyuma ya lenzi, na hao ndo wabaya zaidi kwa sababu steroidi zinawatuliza kwa muda tu, mgonjwa anadhani kapona. Tena retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha, inaweza kujaa maji na kuona kukapungua hata jicho lisipouma.

Kinachonitisha zaidi ni watu kujinunulia matone wenyewe mwezi baada ya mwezi. Steroidi zinaweza kupandisha presha ya jicho bila maumivu yoyote, presha inakula mshipa wa kuonea, na kilicholiwa hakirudi! Lazima presha ipimwe.

Na kama maumivu ni makali na kuona kunashuka haraka, hasa siku za mwanzo, hiyo ni dharura, nenda siku hiyo hiyo usingoje tarehe ya kliniki.

Ombi langu kwa hospitali, mgonjwa akiruhusiwa aandikiwe kwenye karatasi namna ya kupunguza matone, kwamba yale matone ya steroidi yaliyo meupe kama maziwa yanatikiswa kwanza kwa sababu dawa inatuama chini ya chupa, na dalili zipi zimrudishe haraka. Aelezwe yeye na anayemtia dawa nyumbani, maana mara nyingi ni mjukuu ndo anayeshika chupa.

Msomaji wenu