Haramia si wa baharini tu

Mhariri,

Mwandishi akimwita haramia mtu aliyeteka basi porini, siku hizi hakosi wa kumsahihisha: haramia ni wa baharini, huyo mwite jambazi. Sahihisho hilo halina msingi, na naomba gazeti lako lisilifuate.

Neno hili ni la Kiarabu, limetoka kwenye mzizi uleule uliotupa haramu na ihramu, mzizi wa mambo yaliyokatazwa. Bahari haimo. Waarabu humwita mwizi harami, na wakiwa wengi haramiya. Sisi tukauchukua wingi huo tukaufanya umoja, kisha tukaupachika ma- tukapata maharamia. Malaika nalo tulilifanyia hivyohivyo. Kwa Waarabu ni wingi. Ndiyo maana ile -ia ya mwisho si ya kauli ya kutendea kama katika pigia au imbia, na anayeandika "mharamia" au "waharamia" ametunga lake. Upatanisho nao ni wa watu: maharamia wamekamatwa, kamwe si yamekamatwa.

Kilicholivuta neno baharini zaidi ni taarifa za utekaji wa meli pwani ya Somalia, hasa kuanzia 2008. Zilisikika kila siku, hata maana ya nchi kavu ikasahaulika.

Kwetu Dodoma maana hiyo ya nchi kavu ina uzito. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikata Ugogo, na wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliwaandika vibaya sana watemi wa Kigogo kwa kudai hongo. Hongo ya wakati ule haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru wa kupita na kutumia maji katika nchi kame, ukilipwa kwa nguo, shanga na nyaya, tena baada ya kujadiliana, pengine kwa siku kadhaa. Mtemi anayetoza ushuru katika nchi yake mwenyewe si haramia, na inaumiza kuona makala za leo zikirudia tusi lile bila kulipima. Haramia huvizia, hupora, hukimbia; hana nchi anayoisimamia wala mtu wa kujadiliana naye.

Kwa habari za mahakamani, hata hivyo, haramia asitumike kwa kosa la nchi kavu. Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, inatenganisha wizi na unyang'anyi. Ili uwe unyang'anyi lazima pawe na nguvu au vitisho wakati wa kuiba, au muda mfupi kabla au baada yake. Kukiwa na silaha, ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A, ambacho adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Mwandishi anayeandika "wizi wa kutumia silaha" amechanganya makosa mawili. Na kabla ya hukumu, wote hao waandikwe washtakiwa.

Mwalimu wa Kiswahili,
Dodoma