Mlima wa dola moja kwa mwaka

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa kijana wa bandarini, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ila ile habari yenu ya mlima wa Mauna Kea, kule Hawaii, imenikwama kooni wiki nzima. Mmewaita wale wazee wenyeji wanaoipinga darubini mpya ya kutazamia nyota mlimani mwao "maadui wa sayansi", na dini yao mkaiita ushirikina. Nani kawaambia?

Mimi nilikuwa baharia. Mwaka 2011 tulitia nanga Hilo, bandari ya hukohuko Hawaii, na mpishi wetu, Mfilipino, alikuwa na shemeji yake pale. Huyo shemeji akatupakia kwenye pikapu mpaka juu, karibu mita 4,200, mahali ambapo mtu wa Mombasa hana pumzi wala masikio. Darubini wakati huo zilikuwa 13. Tukamalizia kilele kwa miguu. Kamba ya kiatu ikanifunguka, nikakaa juu ya mawe yaliyopangwa nikaifunga. Bibi mmoja mwenyeji alikuwa amesimama pembeni na kifurushi cha majani mkononi. Hakusema neno. Nilipoinuka, alilirudisha jiwe nililolisogeza kwa makalio yangu, akalifuta kwa kiganja, ndipo akaweka kifurushi chake. Shemeji aliniambia garini: pale ni madhabahu.

Sasa huo mlima, mhariri, serikali ya jimbo iliukodisha kwa Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1968, miaka 65, kwa dola moja kwa mwaka. Dola moja! Hata soda ya melini ilikuwa ghali zaidi. Mwaka 1998 mkaguzi wa jimbo hilohilo akaandika kwamba mlima hautunzwi inavyopasa. Bado wakataka kuongeza darubini ya kioo cha mita 30, jengo la ghorofa 18, kwenye mlima ambako watu hupeleka vitovu vya watoto wao. Julai 2019 wazee wakaketi barabarani, polisi wakawakamata zaidi ya 30, wengine wakibebwa. Hao ndio maadui wa sayansi? Watu ambao mwaka 1976 walifika Tahiti kwa mtumbwi pacha, Hōkūleʻa, bila dira, Mau Piailug wa Mikronesia akiwasomea nyota na mawimbi? Kilimia chetu, lile kundi la nyota, wao hukiita Makaliʻi, na kikichomoza jua linapotua, Makahiki, msimu wao wa mwaka mpya, umewadia. Manahodha wetu wa majahazi wangeelewana nao kabla kahawa haijapoa.

Na tukiongelea ushirikina: ukurasa uleule, chini ya habari yenyewe, mmeweka "Nyota Yako Wiki Hii". Mimi ni Ng'e. Mliniahidi safari ya ghafla. Nimelala na baridi yabisi siku sita. Tena anayechungulia sayari mnamwita mnajimu, na huyu wa safari yangu naye mnajimu. Chagueni mmoja. Na hizo herufi mlizozipunguza tangu mwaka jana, ndizo zinazohitaji darubini.

Ikiwa dola moja ndiyo bei ya mahali patakatifu pa wenzetu, mimi natoa mbili. Nikodishie chumba chako hadi 2033, mkataba wao unapoisha. Nitaweka kiti cha uvivu juu ya meza yako, na darubini ya mjukuu wangu dirishani. Viatu nitavua mlangoni.

Baharia mstaafu,
Kibokoni, Mombasa