Moshi wa kiangazi ufuatwe hadi unakotoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ukungu mkavu unaotanda Bukoba katika kiangazi cha Juni hadi Agosti. Kila unapokuja, wengine hulaumu majiko ya mkaa, wengine malori, wengine jirani aliyechoma majani shambani. Huenda wote wana sehemu ya ukweli, lakini sijasikia anayeuliza hewa hiyo ilikuwa wapi jana na juzi, ilhali swali hilo lina njia ya kujibiwa.

Julai iliyopita, siku ambayo kisiwa cha Musira hakikuonekana kabisa kutoka ufukweni, niliketi na wanafunzi wangu wa jiografia mbele ya kompyuta tukafungua HYSPLIT, programu ya taasisi ya Marekani ya bahari na angahewa, NOAA, inayotumika bure kwenye intaneti. Tuliandika latitudo na longitudo ya mji wetu, tukachagua kimo cha mita 500 kutoka ardhini, kisha tukaiagiza irudi nyuma saa 72. Programu hiyo huchukua takwimu za upepo na kuirudisha hewa hatua kwa hatua hadi ilikopitia. Mstari mwekundu ulitokea kwenye ramani, ukavuka ziwa na kuelekea kusini mashariki, ndani kabisa ya nchi yetu wenyewe. Tulipoulinganisha na ramani ya mioto ambayo NASA huitoa kutokana na picha za setilaiti, tuliona umepita karibu na madoa mengi ya moto.

Wanafunzi walishangilia, nami nikawazuia. Mstari mmoja si ushahidi. Kosa la mistari ya namna hii kwa kawaida hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 15 na 30 ya umbali uliosafiriwa, yaani hewa iliyotoka kilomita 1,000 huenda ilipita kilomita 150 hadi 300 kando ya pale palipochorwa. Tena hewa inaweza kupita juu sana ya moto bila kuchukua moshi wake.

Ndiyo maana watafiti hutumia mistari mamia kwa mamia. Programu ya TrajStat, nayo ya bure, huigawa ramani katika miraba midogo, ikahesabu hewa imepita mara ngapi juu ya kila mraba, na katika mara hizo ni ngapi zilizofika mjini siku ambayo kipimo cha uchafu kilivuka kiwango kilichowekwa. Mraba wenye uwiano mkubwa hushukiwa kuwa chanzo, na ule uliopitiwa mara chache hupunguziwa uzito ili bahati isigeuzwe kuwa hatia. Jirani zetu wa Rwanda wana kituo katika mlima Mugogo, mita 2,590 juu ya usawa wa bahari, na vipimo vyake vimeonyesha kwamba moshi huongezeka nyakati za kiangazi, ukiletwa na hewa iliyopita maeneo yanayoungua nje ya mipaka yao.

Sisi tunakwama kwenye vipimo. Programu tunazo, upepo unajulikana, lakini sijapata mahali pa kupakua vipimo vya kila saa vya PM2.5, yaani chembechembe ndogo sana za uchafu hewani zinazoweza kuingia ndani kabisa ya mapafu, kwa mji wetu, na bila hivyo mstari unaonyesha upepo tu, hauonyeshi uchafu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Mzazi mwenye mtoto wa pumu ana haki ya kujua kama jana tulivuka hapo.

Kwa hiyo naziomba taasisi zote zenye mashine za kupima hewa katika Kanda ya Ziwa zitoe hadharani vipimo vyao vya kila saa, pamoja na tarehe, saa, mahali mashine ilipo, na saa ambazo haikufanya kazi. Zitoe namba zenyewe katika faili linaloweza kufunguliwa na kompyuta, si picha ya grafu. Miaka miwili ya namba hizo ingetosha wanafunzi wangu kuanza kazi.

Mwalimu wa Jiografia,
Bukoba