Mwachie zipu

Rafiki yangu,

Barua yako imenifika, na swali lako la mwisho limeninyima usingizi: "Nikifa, nani atamvalisha?" Nami nilijiuliza hilohilo mwanangu alipokuwa na miaka 9 kama wako. Sasa ana 17. Usonji wake, hali ya ubongo aliyozaliwa nayo, uko palepale, lakini shati anavaa mwenyewe. Mara nyingine analivaa nje ndani, basi, tunatoka hivyohivyo.

Nikuambie kosa langu kwanza, lisije likawa lako. Nilimwogesha kijana wangu hadi akatimiza miaka 12. Sikuona ubaya. Mimi nilikuwa na haraka zangu, yeye anasimama tu kimya, mtiifu, na watu wananisifu kwa malezi. Hadi siku moja lilinijia wazo likanitia baridi: mtoto aliyezoea kuvuliwa nguo na kushikwa na yeyote bila kuulizwa, siku akishikwa na mwenye nia mbaya atajuaje? Kuanzia hapo nikawa nagonga mlango kabla ya kuingia, namwomba ruhusa kabla ya kumgusa, na nikamfundisha kusema hapana. Alipolishika neno hilo akalitumia kwa kila kitu, miezi mitatu, nyumba nzima ikachoka. Sijutii hata kidogo.

Kuoga tulianza na picha. Si michoro: nilipiga picha sabuni yake, taulo lake, bomba lake, maana kwake sabuni ya kuchorwa si sabuni. Nikazibandika ukutani kwa mpangilio. Halafu nikaharibu mwenyewe, nikawa nasimama mlangoni nikiongea: "Sasa mkono. Sasa mguu." Ikawa anaosha mguu mmoja, anasimama, maji yanamtiririka, macho kwangu, anasubiri nitangaze wa pili. Nilidhani maneno ni msaada mdogo kuliko kumshika mkono. Kumbe ndiyo magumu zaidi kuyaondoa, kwa sababu mtoto huihesabu sauti yako kuwa sehemu ya kazi yenyewe. Isiposikika, kazi haijafika hapo. Siku hizi naonyesha picha kwa kidole, nanyamaza, naondoka.

Ile zipu ya koti inayowagombanisha kila asubuhi, anzia mwisho. Wewe chomeka ncha, pandisha hadi karibu na shingo, kipande cha juu kabisa avute yeye. Akikizoea, mwachie kuanzia kifuani, baadaye tumboni. Kule chini kwenye kuchomeka, ambako ndiko kugumu, kuwe kwa mwisho kabisa. Hivyo kila siku anayemaliza ni yeye, na raha ya kumaliza ndiyo inayomrudisha kesho. Kishikio kifungie uzi mnene kama kinamponyoka. Watoto waliozaliwa na sindromu ya Down, kama mwanao, misuli yao huwa imelegea tangu kuzaliwa, kwa hiyo anayemwita mvivu mpuuze. Na ukishamwachia, hesabu kimoyomoyo hadi ishirini kabla hujanyoosha mkono. Mimi nilikuwa naikalia mikono yangu. Sisemi kwa mafumbo, nilikuwa naikalia kweli.

Unaniandikia kwamba hata akijifunza yote haya, huenda asiweze kuishi peke yake. Huenda. Lakini neno kujitegemea nadhani tumelielewa vibaya. Ed Roberts wa Marekani alipoozeshwa na polio akiwa na miaka 14, akawa analala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua. Tangu hapo kuvaa alivalishwa. Ni huyohuyo aliyesoma chuo kikuu, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakaanzisha kituo cha watu wenye ulemavu kule Berkeley. Kwake kujitegemea kulikuwa kuamua mambo yako mwenyewe, hata kama mkono unaoyatekeleza ni wa mwingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, nao katika kifungu cha 19 unasema wana haki ya kuchagua waishi wapi na waishi na nani. Sasa mtu atachaguaje nyumba ikiwa hajawahi kuchagua shati? Kesho shika mashati mawili, mnyooshee, nyamaza. Akichagua lile lenye doa, mvalishe lenye doa.

Mengine tutazungumza tukionana. Ila nunua daftari, uandike yale unayoyajua wewe tu: dawa zake na saa zake, sauti zinazomtisha, namna anavyoonyesha kwamba tumbo linauma. Dada yake umwonyeshe daftari lilipo, lakini usimwambie kwamba yeye ndiye mrithi wa mzigo. Nilishawahi kulisema hilo mbele ya binti yangu, na bado naliona usoni pake.

Nakatiza hapa. Ameingia bafuni dakika kumi na tano zilizopita na sijasikia maji. Nimeshainuka mara mbili nikakaa tena.

Haya, maji hayo.

Nisalimie mwanao, na uniandikie zipu imefika wapi.

Mimi mwenzako