Barua ya wazi kwa Waziri wa Kaunti ya Nairobi anayesimamia maktaba: tunaomba meza na ramani

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu mji usiokuwamo katika ramani yoyote ya Kenya. Unaitwa Kitovuni. Uliwahi kuwa mji wa misafara, ukatajirika kwa maji na ushuru, na sasa unakufa polepole. Tumeubuni wenyewe, mimi na vijana wa mitaa ya Kaloleni na Makongeni, huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ninaokutana nao Jumamosi kucheza mchezo wa kuigiza wahusika mezani. Vijana hawa wamefika mahali ambapo hawawezi kusonga mbele bila msaada wa ofisi yako.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe huchezwa kwa mdomo, karatasi na dadu. Kila mmoja ana mhusika wake: mbeba maji, karani, mganga, mwizi aliyetubu. Mimi ndiye msimulizi. Naeleza wanachokiona, wao wanasema wanachofanya, na penye shaka dadu ya pande 20 huamua. Michezo ya aina hii ilianza kuchapishwa Marekani mwaka 1974, na mara nyingi imejaa ngome na majoka ya Ulaya. Vijana walitaka mji wao. Wakataka uwe mji unaodidimia, kwa kuwa katika mji wa namna hiyo kila mlango una swali: nani alikaa hapa, kwa nini aliondoka, aliyebaki anakula nini?

Miji hiyo tunayo katika historia yetu. Gedi, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, ilikuwa na jumba la kifalme, misikiti, hata vyoo ndani ya nyumba, kisha ikahamwa. Watafiti hutaja mashambulizi, na hutaja pia kushuka kwa maji ya visima. Pate nayo ilififia, na washairi wa Pwani wakayalilia maghofu yake kwa beti zinazosomwa mpaka leo.

Ndiyo maana mahali pa kwanza tulipopachora ni Nyumba ya Visima. Ni jengo la duara katikati ya Kitovuni, na kila kizazi kimelazimika kuongeza urefu wa kamba. Walinzi huuza zamu, na akina mama hupanga foleni kabla ya adhana ya alfajiri. Mchezaji anaweza kupigana na walinzi, kununua zamu, au kushuka mwenyewe kisimani. Niliyatarajia hayo yote. Kisha binti mmoja akauliza jambo ambalo sikuwa nimeliandaa: maji yalikwenda wapi? Waliufuata mfereji wa chini kwa chini, kipindi baada ya kipindi, hadi kwenye bustani za matajiri upande wa juu wa mji. Mheshimiwa, kwao binti huyo maji hununuliwa kwa mtungi. Alijua la kuuliza.

Kutoka Nyumba ya Visima barabara inashuka hadi Nyumba ya Majina. Hii tuliitoa kwenye Kipande House, lile jengo la mwaka 1913 pale Kenyatta Avenue, ambako Waafrika waliandikishwa wakati wa ukoloni na kupewa kipande, yaani kitambulisho, cha kuvaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Katika Kitovuni, jina la kila mpagazi limechongwa kwenye bamba la shaba na kutundikwa ukutani. Wengi wameshahama au kufa, lakini mabamba yao yangalipo, na mji hutoza kodi kwa idadi ya mabamba. Waliobaki huwalipia walioondoka, ndipo nao huondoka. Karani mzee wa nyumba hiyo si mtu mbaya. Anaogopa tu kwamba akilishusha bamba moja, mwenye jina atakuwa hajawahi kuishi. Vijana walibishana naye jioni nzima, na hakuna aliyeshika upanga.

Kuna Lango la Ushuru, ambako askari bado wanasubiri misafara iliyoacha kuja. Kuna Soko la Majivu, linaloungua na kujengwa tena kabla jivu halijapoa. Asili yake sina haja ya kukueleza, soko letu la Gikomba na mioto yake unalijua. Wachezaji wakifika sokoni huchunguza kwanza ni nani aliyeuziwa kiwanja kabla ya moto.

Ninayoipenda zaidi ni Bustani ya Mabishano. Ndiyo sehemu pekee ya Kitovuni yenye kivuli cha bure, na watu huenda huko mchana kubishana juu ya dini, siasa na bei ya nafaka. Liwali anataka kuiuza kulipa madeni. Vijana waliamua kuilinda: wakakusanya wabishi, wakatafuta hati ya aliyeitoa bustani, wakaisoma hadharani. Walipomaliza ndipo nikawaeleza habari za Jeevanjee Gardens: kwamba Alibhai Mulla Jeevanjee aliitoa kwa wakazi wa Nairobi mwaka 1906, na kwamba mwaka 1991, ulipokuja mpango wa kujenga pale, Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliosimama kuupinga. Wengi wao walikuwa wamepita hapo mara nyingi wakielekea stendi ya matatu. Jumamosi iliyofuata walikwenda kukaa kwenye nyasi zake na kuwasikiliza wahubiri na wabishi.

Katika michezo mingi ya aina hii, mji huanguka kwa laana ya mchawi. Muue mchawi, mji unapona. Sisi tuliikataa laana tangu mwanzo. Kila kilichoharibika Kitovuni kina aliyekiharibu, au aliyekiona kikiharibika akanyamaza, na kumbukumbu yake ipo mahali fulani. Kwa mtoto wa Eastlands, aliyezaliwa akaikuta mitaro imeziba na rangi imebambuka, ni jambo kubwa kujua kwamba haikuwa hivyo tangu awali, na kwamba kuna karatasi inayoonyesha ilivyokuwa.

Karatasi hizo ndizo tunazozihitaji. Kaunti inasimamia maktaba za McMillan, Kaloleni na Makadara. Naomba mambo mawili. Kwanza, meza moja Jumamosi alasiri katika maktaba ya Kaloleni au Makadara. Sasa tunabanana katika sebule ya mzazi mmoja mkarimu, na idadi inaongezeka. Pili, vijana waruhusiwe kuona, au kupata nakala, ramani na picha za zamani za Nairobi: mji wa reli ulivyoanza mwaka 1899, mpango mkuu wa mwaka 1948, michoro ya Kaloleni ilipojengwa katika miaka hiyo ya 1940. Mpango ule wa 1948 ulimpangia kila mtu mahali pake, na wajukuu wa waliopangiwa Eastlands wana haki ya kuusoma.

Wapo watakaosema mchezo wenye mizimu na wachawi haufai maktabani. Wazazi wawili watatu wameniuliza hivyo, nami niliwakaribisha waketi wasikilize. Ngano zetu zina mazimwi ya kutosha, na hakuna bibi aliyeacha kuzisimulia kwa sababu hiyo. Walichokisikia ni watoto wakisoma kwa sauti, wakipiga hesabu, wakigombea nafasi ya kuandika kumbukumbu za safari.

McMillan yenyewe tayari imo Kitovuni. Inaitwa Nyumba ya Simba Wawili, na mlangoni pake wahusika hukutana na mlinzi anayewauliza wao ni watoto wa nani kabla ya kuwaruhusu kuingia. Maktaba ile ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Leo mlango uko wazi kisheria. Lakini wengi wa vijana wangu hawajawahi kupanda ngazi zile, kwa kuwa hakuna aliyewaambia ni zao.

Ramani ya Kitovuni imechorwa kwenye karatasi nne za manila zilizounganishwa. Niko tayari kuileta ofisini kwako siku yoyote ya kazi utakayoitaja, pamoja na wawili kati ya walioichora, ili wakueleze wenyewe. Tukipewa meza, viti tutakuja navyo, na chumba tutakifagia kabla ya kuondoka.

Wako mwaminifu,
Msimulizi wa Kitovuni,
Kaloleni, Nairobi